Kichochoro Kina Wenyewe: Historia ya Njia za Nyuma katika Miji ya Pwani

Anayetembelea magofu ya Gedi, kilomita kama 16 kusini mwa Malindi, hupelekwa kwanza kwenye jumba la mfalme, kisha msikiti mkuu, kisha kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Nyumba nazo zina majina. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, moja aliiita Nyumba ya Mkasi kwa sababu alikuta mkasi ndani yake, na nyingine Nyumba ya Kauri. Lakini anayetaka kujua watu wa Gedi waliishi vipi wao kwa wao, na atazame kilichoachwa kati ya nyumba na nyumba. Mapaa yameanguka zamani na mibuyu imeota vyumbani, ila njia bado zinapitika. Ni nyembamba, zimenyooka, zinakatana kama zilizopigwa kamba, na kuta zimezisindikiza pande zote mbili.

Kuna jambo jingine pale ambalo wageni hulipita haraka kwa kuona haya: vyoo. Nyumba kubwa za Gedi zilikuwa na choo cha shimo ndani ya kuta zake, pamoja na mahali pa kuogea. Uchafu wa nyumba ulimalizikia nyumbani. Kichochoro kilibaki cha watu: cha kupita, kusalimiana, kwenda kisimani na msikitini. Miaka mia tatu baada ya Gedi kuhamwa, serikali ya kikoloni ilileta Afrika Mashariki kichochoro cha aina nyingine kabisa, kilichochorwa kwa ajili ya uchafu, na watu wakaambiwa wapite mbele. Tofauti ya vichochoro hivyo viwili ndiyo historia yetu, na ndiyo inayoamua leo kama njia za nyuma za miji yetu zitakuwa makao na viwanja vya watu au majalala na mali ya wanyakuzi.

Dhiraa saba

Miji ya Waswahili haikujengwa ovyo, hata kama haikuwa na ramani ofisini. Ilikuwa na sheria. Watu wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na fikihi ina maneno mengi kuhusu njia. Ipo hadithi ya Mtume inayosema kwamba watu wakizozania upana wa njia, basi iachwe dhiraa saba. Wanavyuoni walitenganisha tena njia za aina mbili. Njia inayotokeza pande zote mbili ni ya umma, na hakuna mwenye ruhusa ya kuibana ikawadhuru wapitaji. Ile isiyotokeza ni mali ya pamoja ya wale ambao milango yao imeielekea. Jirani hafungui mlango mpya humo bila ridhaa ya wenzake, seuze kuizungushia ukuta.

Tuseme hivi basi: kichochoro kilikuwa na wenyewe. Hakikuwa masalio ya ardhi baada ya nyumba kugawana nafasi. Kilikuwa sehemu ya nyumba zenyewe, inayomilikiwa na wengi.

Mji wa Lamu ndio unaoonyesha vizuri zaidi sheria hiyo ilivyogeuka kuwa jengo. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, na kwenye daka kuna viti vya mawe ambapo mwenye nyumba humkaribisha mgeni asiyestahili kufika ndani. Daka ni la mwenyewe, lakini limeelekea njiani na mpita njia hupata kivuli chake. Hapo faragha na umma vinakutana bila kugombana. Ukiinua macho utaona wikio: chumba kizima kilichojengwa juu ya kichochoro, kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ya pili, huku punda na watu wakiendelea kupita chini yake.

Wikio linafaa kutazamwa kwa karibu. Boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana wa vyumba vya Waswahili. Mti hauna urefu wa kuvuka zaidi ya mita kama tatu, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kichochoro ni chembamba kuliko chumba, kwa hiyo boriti zilezile zikakivuka bila taabu. Aliyetaka kumwongezea bintiye chumba baada ya ndoa hakuhitaji kiwanja kipya. Kama nyumba ya pili ilikuwa ya jamaa yake, na jirani hawakudhurika, alijenga angani. Wanawake wakatembeleana ghorofani pasipo kutoka nje, na chini njia ikapata kivuli saa za jua kali. Makao yaliongezeka, na njia haikupungua hata shibiri moja.

Mji unaokufa na kufufuka

Malindi ya zamani ilikuwa ya aina hiyo. Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498, mwandishi wa safari yake aliufananisha mji na Alcochete, mji wa Ureno ulio kando ya mto Tagus. Duarte Barbosa, Mreno mwingine aliyeandika mwanzoni mwa karne ya kumi na sita, alizisifu nyumba zake za mawe na chokaa zenye ghorofa na madirisha mengi, na akasema mitaa yake imepangwa vizuri. Leo kinachoonekana cha enzi ile ni kidogo: nguzo ya Vasco da Gama, kanisa dogo la Wareno, na makaburi yenye minara karibu na Msikiti wa Juma, mtaani Shela.

Mji ule ulikufa kwa sababu za kisiasa. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walimhamishia shehe wa Malindi Mombasa, na nguvu zote zikahama naye. Gedi nayo ikahamwa katika karne iliyofuata. Kwa zaidi ya miaka mia mbili Malindi ikawa msitu na magofu.

Ilifufuliwa mwaka 1861 na Sultani Majid wa Zanzibar, kwa jasho la watumwa. Mashamba ya mtama na ufuta yalitanda nyuma ya mji, na majahazi yakabeba nafaka hadi Zanzibar na Arabuni. Mji uliofufuka haukuwa ule wa Barbosa. Ufuoni zilisimama nyumba chache za mawe za wenye mashamba na wafanyabiashara wa Kihindi, na nyuma yake mitaa ya nyumba za fito, udongo na makuti. Katika nyumba hizo ujia ulipita katikati kutoka barazani hadi uani, vyumba vikiwa kushoto na kulia. Kati ya ua na ua palikuwa na njia ambayo wanawake na watoto waliijua zaidi kuliko barabara.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, na hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi alitakiwa ajitokeze na ushahidi wake. Wenye mashamba na wafanyabiashara walijitokeza, na wengi wakapata hati. Waliokuwa watumwa, na Wamijikenda walio wengi, hawakupata. Ardhi isiyothibitishiwa mtu ikawa ya serikali. Mwaka 1914, baada ya upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza, Wagiriama walifurushwa pia kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, upande zilipo Ngomeni na Magarini, tutakakofika mwishoni.

Sheria ile ilikuwa na swali moja: mwenye ardhi ni nani? Jibu la "mimi, na baba yangu kabla yangu" liliweza kuandikiwa hati. Jibu la "sisi tunaopita hapa" halikuwa na pa kuandikwa. Hapo ndipo kichochoro cha pwani kilipopoteza wenyewe kwenye karatasi, ingawa miguuni mwa watu hakikubadilika.

Daktari na ndoo

Wakati huohuo kichochoro cha aina ya pili kilikuwa njiani. Kilikuja na hofu ya tauni. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu tauni ilipozuka mwaka 1902, na maofisa wakaiteketeza kwa moto Bazaa ya Wahindi. Ugonjwa uliporudi tena, London ilimtuma mtaalamu wake, Profesa William Simpson.

Simpson hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa ofisa wa afya wa Calcutta, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa chuo cha tiba ya nchi za joto mjini London. Mwaka 1907 alitoa ripoti juu ya Singapore, ambako nyumba za maduka zilikuwa zimegusana migongo bila nafasi. Dawa aliyoiandikia Singapore ilikuwa kupasua vichochoro vya nyuma katikati ya nyumba, ili hewa iingie na uchafu upate pa kutokea. Kuanzia mwaka 1927 shirika maalumu la kuboresha mji, Singapore Improvement Trust, liliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1913 daktari huyohuyo alifika Afrika Mashariki, akakagua miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar. Pendekezo lake linalokumbukwa zaidi ni ubaguzi: Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na kati yao pawe na ardhi tupu. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ubaguzi wa makazi mijini hautakuwa sera rasmi. Mitaa ilibaki vilevile. Na nyuma ya maduka ya Nairobi na miji mingine ya kando ya reli vikabaki vichochoro vya usafi.

Mtu wa leo anayepita nyuma ya River Road, Nairobi, anaweza asijue vilikuwa vya kazi gani. Chini ya ukuta wa nyuma wa kila jengo palikuwa na kijilango kifupi. Ndani yake, chini ya kiti cha choo, palikaa ndoo. Usiku watu wakilala watopasi walipita na mkokoteni, wakafungua kijilango, wakavuta ndoo iliyojaa, wakasukuma tupu mahali pake, wakaenda mlango wa pili. Kichochoro hakikuwa na taa, maana hakuna aliyetakiwa kuonekana humo. Hakikuwa na baraza wala daka wala dirisha. Nyumba ziliambiwa zikigeuzie mgongo, nazo zikatii.

Mabomba ya maji taka yalipofika, ndoo zikaondoka. Kichochoro kikabaki bila kazi, bila jina na bila mtu wa kukitetea. Ndivyo nchi huru zilivyorithi katikati ya miji yao ardhi ya umma ambayo umma wenyewe ulifundishwa kuikwepa.

Nyumba yangu, ardhi yake

Mombasa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kisiwani, wenye ardhi waliokuwa na hati waligundua mapema kwamba hawana haja ya kujenga. Walipima viwanja, wakawaacha wapangaji wajenge nyumba zao za Kiswahili na kuwatoza kodi ya ardhi kila mwezi. Ndivyo ilivyokua Majengo na mitaa ya mfano wake. Nyumba ilikuwa ya mmoja na udongo wa mwingine. Mwenye nyumba angeweza kuiuza, kuirithisha na kuipangisha vyumba sita, lakini hangeweza kwenda benki nayo, na kila siku alijua kwamba mwenye ardhi anaweza kuuza yaliyo chini ya miguu yake.

Utaratibu huo ulisambaa pwani nzima. Malindi nako, mitaa kama Maweni, Barani na Kisumu Ndogo ilijaa nyumba ambazo mara nyingi waliozijenga hawana hati ya ardhi. Watalii walipoongezeka kuanzia miaka ya 1960, na hoteli zikapanga mstari ufuoni, watu waliokuja kutafuta kazi walihitaji pa kulala karibu na mji. Waliongeza chumba uani, kisha kingine nyuma ya hicho. Kila chumba kilimega njia kidogo. Mtu akifiwa, jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa ubavu. Nyumba ya makuti ikishika moto, gari la zimamoto linaishia barabarani.

Ni rahisi kumlaumu aliyejenga njiani. Lakini jirani wa kale aliyezuia ukuta usijengwe kichochoroni alikuwa na haki aliyoweza kuidai kwa kadhi au kwa wazee. Mpangaji wa ardhi ya mtu hana haki hiyo. Njia si yake, nyumba ni yake nusu, na kesho yake hajui. Mtu wa namna hiyo hujenga anapoweza kabla mwingine hajajenga.

Na maskini hawakuwa peke yao. Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa miaka ya wakubwa. Viwanja vya michezo, hifadhi za barabara, makaburi na njia za nyuma viligawiwa kwa barua za ofisini. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003, ilitoa ripoti yake mwaka 2004 na kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogeuzwa zawadi ya kisiasa nchi nzima. Anayesema kwamba kichochoro fulani hakina mwenyewe aisome ripoti hiyo. Mara nyingi kilichoonekana hakina mwenyewe kilipata mwenyewe mmoja, na wengi wakakikosa.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka neno lake. Kifungu cha 62 kinahesabu barabara na njia zilizowekwa kwa sheria ya bunge kuwa ardhi ya umma. Ni kinga nzuri kwa njia iliyo kwenye ramani. Vichochoro vingi vya pwani havimo kwenye ramani yoyote.

Waliojaribu kurudisha

Kama Simpson alivyobeba wazo lake kutoka mji hadi mji, ndivyo alivyofanya msanifu Mwitaliano Francesco Siravo miaka sabini baadaye, ila yeye alielekea upande wa pili. Mwaka 1986 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ilichapisha mpango wa kuuhifadhi mji wa Lamu ulioandaliwa naye pamoja na Ann Pulver. Miaka kumi baadaye, mwaka 1996, mpango wake wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ulichapishwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni. Mipango yote miwili ilianzia mahali ambapo daktari hakuwahi kupatazama: kwamba nyumba na njia ni kitu kimoja, na ukihifadhi mlango uliochongwa huku ukiacha njia ikizibwa hujahifadhi mji. Zanzibar iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Gedi yenyewe ilisubiri hadi 2024.

Matunda yanaonekana. Pale Jaws Corner, katikati ya Mji Mkongwe, vichochoro vinakutana na watu wanakunywa kahawa kwenye mabaraza, wanacheza bao na dhumna na kubishana siasa mpaka usiku. Hakuna aliyewajengea bustani. Wamepewa tu nafasi ya kukaa bila kufukuzwa. Bustani ya Forodhani iliyo mbele ya mji, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, ilihitaji fedha nyingi na wakandarasi. Jaws Corner ilihitaji mabaraza na majirani.

Hasara nayo ipo, na isifichwe. Mji ukisafishwa, bei hupanda. Katika kijiji cha Shela kisiwani Lamu, nyumba nyingi za zamani zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya, zikatengenezwa vizuri sana, zikafungwa sehemu kubwa ya mwaka. Kichochoro kimepona, ila anayeamkia shikamoo kwenye daka hayupo. Malindi, ambako Waitaliano walinunua na kujenga tangu miaka ya 1970, inaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Nairobi ilichukua mkondo wake. Katika mtaa wa Dandora, uliopangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zilipewa ua wa pamoja katikati. Nyua hizo zilikuwa zimegeuka majalala na maficho ya wezi hadi vijana wa mtaa walipoanza kuzisafisha, kupanda miti, kupaka rangi malango na kutoza ada ndogo ya ulinzi na usafi. Kazi ikawa ajira. Katikati ya jiji, serikali ya kaunti kwa miaka kadhaa imekuwa ikitandaza matofali ya kabro katika njia za nyuma na kujaribu kuwahamishia wachuuzi huko. Wachuuzi wengi hurudi barabara kuu, na sababu wanaijua: mnunuzi hapiti mahali ambapo kwa miaka mia alikuwa akiambiwa asipite. Kabro haitoshi. Majengo yakiendelea kugeuza mgongo, njia itaendelea kuwa ya nyuma.

Ng'ambo ya bahari miji mingi imegeuza njia hizo kuwa mali. Melbourne, kuanzia miaka ya 1990, ilirudisha wakazi katikati ya jiji na vichochoro vyake vikajaa mikahawa. Vancouver iliruhusu mwaka 2009 nyumba ndogo zijengwe nyuma ya kiwanja, zikiielekea njia ya nyuma, na tangu hapo zimejengwa maelfu. Sharti moja la Vancouver lingemshangaza mtu wa Mombasa: nyumba ile ndogo iliruhusiwa kupangishwa, lakini si kuuzwa peke yake ikatenganishwa na nyumba kubwa na ardhi yake. Kule walikataza tangu mwanzo kile kilichotutesa sisi karne nzima, yaani nyumba kwenda huku na udongo kwenda kule.

Pwani yetu ina jaribio linalokaribiana na hilo zaidi ya Vancouver, nalo liko Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa wakiishi bila hati, walishiriki katika mradi uliosaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ. Walipoulizwa wanataka hati za namna gani, walichagua ardhi ibaki ya jumuiya nzima chini ya amana, na kila mmoja amiliki nyumba yake. Nyumba iliweza kuuzwa, ardhi haikuweza. Bila kusema hivyo, watu wa Bondeni walikuwa wamerudia kanuni ya kichochoro kisichotokeza: cha wote walio na milango humo.

Malindi yenyewe ilikuwa miongoni mwa miji 15 ya mradi wa kuboresha makazi duni, KISIP, ulioanza mwaka 2011. Miradi ya namna hiyo huleta barabara za ndani, mitaro, njia za miguu na taa zile ndefu za mulika mwizi. Ni msaada wa kweli. Mama anayeuza mahamri alfajiri akipata taa na mtaro uliofunikwa, hapo nje pake panakuwa duka, na jioni panakuwa kiwanja cha watoto. Kichochoro kilichopata mwanga hupata macho, na macho ya majirani ndiyo askari wa bei nafuu kuliko wote. Lakini taa haizuii ukuta. Kinachozuia ukuta ni njia kuandikwa na kujulikana kuwa ni ya nani.

Ngomeni kabla ya ukuta

Kaskazini mwa Malindi, baada ya daraja la Sabaki na mji wa Gongoni, njia inakatisha mashamba ya chumvi hadi rasi ya Ngomeni. Ni kijiji cha wavuvi ambacho jina lake lilifika mbali kuliko miji mingi. Mbele yake, katika Ghuba ya Ungwana, zimesimama majini nguzo za San Marco, ambako Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walirusha satelaiti tisa kati ya 1967 na 1988. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kupima miale ya eksirei kutoka nyota za mbali.

Hapa chini mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu kampuni za chumvi za Magarini. Wakazi walilalamika kufurushwa kwenye ardhi, maji ya visima kuingia chumvi, mikoko kukatwa na njia za kwenda baharini kuzibwa. Lalamiko hilo la mwisho linasikika kote Kilifi, hadi penye hoteli na majumba ya ufuoni: njia ambayo babu alipitia na nyavu zake begani sasa ina lango na mlinzi. Mvuvi asiyefika ufuoni hana kazi, hata kama bahari bado ni ya wote.

Njia ya kwenda pwani ni kichochoro vilevile. Haikuwa na hati kwa sababu haikuhitaji, na imepotea kwa sababu haikuwa na hati.

Ngomeni, Gongoni, Marereni na vijiji vingine vya Magarini vinakua. Nyumba za mawe zinachukua nafasi za makuti, na wapimaji wa ardhi watafika, kama hawajafika. Katika miji tuliyoipitia kwenye historia hii, gharama ya kurudisha njia iliyokwisha kuzibwa imekuwa kubwa: kubomoa, kulipa fidia, kwenda mahakamani, kusubiri wafadhili. Gharama ya kuiacha wazi tangu mwanzo ni kikao cha wazee, kamba, na vigingi vichache. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kuandikisha ardhi yake kwa jina lake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inazitaka kaunti zipange na kuwasikiliza wananchi.

Basi ombi kwa wanakijiji, kwa machifu, kwa madiwani na kwa ofisi ya kaunti mjini Kilifi ni hili. Kabla hati ya kwanza haijatolewa, pimeni njia kwanza na viwanja baadaye. Andikeni njia ya kisimani, ya shuleni, ya msikitini na ya ufuoni, kila moja na upana wake, kwa jina la wanaoitumia. Acheni watu wajenge baraza kuielekea na dirisha la kuitazama, na palipo na jamaa wawili waliokubaliana, acheni wajenge juu yake kama wazee wa Lamu. Na mtu akija na ramani inayoonyesha kwamba kipande fulani kati ya nyumba hakina mwenyewe, mwambieni kwamba kina wenyewe wengi, kisha mwonyesheni majina yao.